Mateso Ruksa, Raha Marufuku

Mwaka 2018 mtengeneza filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliombwa abadilishe mwisho wa filamu yake. Filamu inaitwa Rafiki na inahusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Aliyeomba ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, enzi zile za Ezekiel Mutua. Sababu, kama Kahiu mwenyewe alivyoieleza hadharani, ni kwamba mwisho ule ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Walitaka majuto. Kahiu akagoma, na tarehe 27 Aprili filamu ikapigwa marufuku.

Hebu isome tena hiyo sababu, polepole. Ndani ya Rafiki kuna kundi la watu linalowavamia wasichana hao na kuwapiga. Kuna polisi wanaowadhihaki kituoni badala ya kuwasaidia. Kuna mama anayempeleka binti yake kanisani akaombewe pepo limtoke. Hayo hayakuwa tatizo la mwisho wa filamu. Kilichokwama kooni ni dakika ile ya mwisho kabisa: miaka imepita, Kena sasa ni mhudumu wa afya, Ziki amerudi kutoka London, na tunachoonyeshwa ni mkono begani na tabasamu. Basi. Hapo ndipo dola ilipoona hatari.

Ndiyo maana nasema ubishi wetu kuhusu mashoga na wasagaji katika fasihi ya Afrika Mashariki tunaupeleka kwenye kiwanja kisicho chake. Tunabishana eti waandikwe au wasiandikwe. Mbona wanaandikwa kila siku! Swali ni wanaruhusiwa kuandikwa wakiwa wanafanya nini. Wakilia, ruksa. Wakiugua, ruksa, tena pengine kwa fedha za mradi. Wakifa ndiyo kabisa, hapo hata mhariri mwenye roho ngumu atatafuta nafasi. Lakini waandike wamekaa mahali wanakula, wanacheza muziki, wanataniana, hawajutii chochote na hakuna aliyewaadhibu mpaka ukurasa wa mwisho, uone neno "kueneza" linavyotoka mbio.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia kuliona hili. Raha na starehe ni ndugu wa tumbo moja, yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupumzika, kutua mzigo. Ndiyo maana mgeni akifika tunamwambia astarehe, maana yake akae, atulie, yuko salama. Lakini neno hilohilo likihama sebuleni likaenda mtaani linageuka tusi. "Huyu mtu wa starehe." "Starehe zimemponza." Sasa mtu ambaye hata kukaa na kutulia kwake ni kwa kuibia, tumemwachia maana ipi ya neno hili? Tumemwachia ile ya pili tu. Akikaa barazani na wenzake hapumziki, anafanya ufuska. Ya kwanza tumeifungia kabatini na ufunguo tunao sisi.

Rafiki ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni zambarau, mti tunaoujua. Anyango anamwandikia Sanyu barua, anakumbuka walivyokua pamoja kwenye nyumba za mtaa mmoja huko Kampala, walivyofumaniwa chini ya mti huo, na Sanyu alivyopelekwa Uingereza. Ni hadithi nzuri sana, na mimi nikiisoma kinachonikaa si fumanizi. Ni ule utoto wao, kelele za mtaa, Mama Atim na mdomo wake, mambo madogomadogo ya wasichana wawili wanaofurahi kuwa pamoja kabla dunia haijawapa jina. Lakini kaa na watu wa fasihi wanaijadili. Wataanzia kwenye fumanizi na watamalizia kwenye fumanizi. Kama vile mti ule uliota ili watu wakamatwe chini yake.

Tabia hii haikuanza na hadithi hiyo. Hata Abdulrazak Gurnah, ambaye namheshimu kuliko maneno ninayoweza kuyapanga hapa, katika By the Sea ya mwaka 2001 anatuletea mfanyabiashara mgeni Hussein na kijana Hassan, na kinachobaki nyumbani baada ya Hassan kuondoka ni aibu na nyumba iliyopotea. Siwezi kumlaumu kwa hilo, Gurnah anaandika hasara za kila mtu, wenye ndoa halali nao hawapumui kwake. Lakini msomaji akishakutana na mapenzi ya namna hii mara kumi na mara zote kumi ni hasara, ya kumi na moja anaijua kabla hajafungua kitabu.

Sasa nije kwa watu wetu, yaani sisi tunaojiita wasomaji wapana, wenye huruma. Maana Mutua ni rahisi kumpiga mawe. Sisi je? Tazama maneno tunayotumia kwenye tahakiki. Kitabu kinachohusu shoga aliyeteswa tunakiita "muhimu", "kinagusa", "kinathubutu". Kitabu kinachohusu shoga aliyekwenda harusini akacheza mpaka viatu vikaisha tunakiita "chepesi". Mwaka 2005 Binyavanga Wainaina aliwacheka waandishi wa Kizungu kwa namna wanavyoitaka Afrika iwe jeraha la kudumu, na sisi sote tulipiga makofi. Januari 2014 akaandika ile insha ya kumwambia marehemu mama yake kuwa yeye ni shoga. Ikasomwa dunia nzima, na ilistahili. Lakini Binyavanga yuleyule alikuwa mtu wa kupika, wa kupaka nywele rangi, wa kujaza nyumba watu, na upande huo tunauweka kwenye tanzia kama kiungo cha mchuzi. Tulimcheka Mzungu kwa kututaka tuwe majeraha, kisha tukageuka tukamtaka shoga awe jeraha letu.

Nitatoa mfano wa karibu. Mimi ni mwandishi wa habari, niko Singida. Kuna wakati niliandika makala kuhusu watu wachache wa hapa mkoani ambao hukutana baadhi ya Jumapili. Sitataja ni wapi wala ni akina nani. Mji wetu mdogo, watu wanajuana hata kwa mwendo. Wanachofanya ni hiki: wanachangishana, wananunua kuku wa kienyeji (na kuku wa Singida hahitaji utambulisho wangu), wanapika, wanacheza karata, wanaweka singeli kwa sauti ya chini. Wana sheria moja. Siku hiyo hairuhusiwi kuleta habari za matatizo. Si ya nyumbani, si ya kazini, si ya aliyetukanwa stendi. Anayevunja sheria analipa soda za watu wote. Mmoja wao alinieleza kwamba kwake yeye raha ni kukaa mahali mgongo ukiwa umeuelekea mlango. Wiki nzima yeye hukaa akiutazama mlango.

Niliona hiyo ndiyo stori. Mhariri, wa gazeti ambalo nalo sitalitaja, akairudisha. Hakuichukia, hapana, ni mtu mwenye moyo mzuri na alitaka kunisaidia. Aliuliza tatizo liko wapi humu ndani. Wamewahi kufukuzwa kwenye nyumba za kupanga? Kuna mwenye virusi? Kuna aliyejaribu kujiua? Nikipata mmoja wa namna hiyo, nimuweke juu, halafu hao wa karata wanaweza kubaki chini kama aya ya kupunguza uzito. Yaani watu wale waliotozana soda ili wasizungumze matatizo, mimi niwauzie gazeti kwa matatizo. Makala haikutoka.

Najua jibu litakalokuja: bwana, hali ni mbaya, na wewe unatuletea karata? Hali ni mbaya kweli. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 154, inaweza kumpeleka mtu jela maisha. Februari 2017 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza kusimamisha huduma za UKIMWI zilizolenga mashoga katika vituo 40 kwa madai kuwa vinahamasisha ushoga, kwa hiyo hata ule ugonjwa niliosema ni ruksa una mpaka wake. Oktoba 2018 Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliunda kikosi cha kuwasaka, mpaka Serikali ikatoka kusema huo si msimamo wake. Uganda ilipitisha sheria ya mwaka 2023 yenye hata adhabu ya kifo ndani yake. Sijasahau hata kimoja.

Lakini angalia vizuri watu hukamatwa wakiwa wapi. Agosti 2016 polisi wa Kampala walivamia Club Venom, Kabalagala. Kulikuwa na nini? Mashindano ya urembo. Watu wamevaa, wamejipamba, wanashangilia. Miaka minne kabla yake, Agosti 2012, maandamano ya kwanza ya fahari ya Uganda yalifanyika Entebbe, pembeni ya ziwa, na polisi walifika hapohapo. Mwanaharakati Kasha Nabagesera alifungua baa mwaka 2010 pale Ntinda, akaiita Sappho Islands, mahali pa kunywa bia tu na kucheza muziki bila kuogopa. Haikudumu. Novemba 2018, kwa mujibu wa Amnesty International, wanaume kumi walikamatwa ufukweni Pongwe, Zanzibar, baada ya polisi kuambiwa kwamba kuna sherehe ya harusi. Shindano la urembo, ufukwe, baa, harusi. Hii ni orodha ya starehe za kawaida za mtu wa Afrika Mashariki mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi! Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kuandika furaha ni kukwepa siasa. Anayeshika rungu anajua siasa iko wapi. Ni sisi wenye kalamu tuliochelewa.

Wala si ugonjwa wa huku tu. China iliondoa adhabu kwa mapenzi ya jinsia moja mwaka 1997, na mwaka 2001 ikayatoa kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Kisheria wametupita mbali. Watu wenyewe wakajichukulia jina tongzhi, neno la chama lenye maana ya komredi. Lilianza kutumika hivyo Hong Kong mwishoni mwa miaka ya 1980, na mimi kila nikilisikia nalikumbuka neno letu "ndugu" la enzi za TANU na nacheka peke yangu. Lakini fuatilia kilichozuiwa baada ya hapo. Februari 2016 tamthilia ya mtandaoni ya wanafunzi wawili wa kiume wanaopendana, iliyokuwa inatazamwa na mamilioni, iliondolewa hewani kabla haijafika mwisho. Tamasha la Shanghai Pride lililoanza mwaka 2009, lenye filamu, michezo na dansi, lilifungwa Agosti 2020. Mtu anaweza kuwa komredi nyumbani kwake akiwa kimya. Akitaka kwenda kutazama filamu na wenzake, hapo anakuwa suala la usalama.

Na waandishi wao wanalijua hili kuliko sisi. Riwaya ya Pai Hsien-yung ya mwaka 1983, inayojulikana kwa Kiingereza kama Crystal Boys, inatokea kwenye bustani ya kupumzikia mjini Taipei, usiku, kati ya vijana waliofukuzwa majumbani. Kuna huzuni humo ya kutosha kujaza Ziwa Kindai. Lakini bustani ni bustani, ina bwawa, ina soga, ina wazee wanaowapa vijana chakula, na mwandishi haoni aibu kukaa nayo kurasa kwa kurasa. Wong Kar-wai naye, kwenye Happy Together ya 1997, anawachukua wanaume wawili wa Hong Kong anawatupa Buenos Aires waumizane mpaka uchoke. Kisha anawasimamisha jikoni, kwenye chumba cha kupanga kibovu, wanacheza tango. Ukimuuliza mtu yeyote aliyeitazama filamu hiyo anakumbuka nini, atakwambia jikoni.

Sasa kuna wenzangu wanaosema furaha ya namna hii ni ya kuletwa, eti huku kwetu haikuwapo. Hawa nawashauri wawaulize wazee wa pwani kabla ya kuwauliza viongozi wa dini wa televisheni. Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, na Deborah Amory mwaka 1998, na wote wawili waliwakuta mashoga katikati ya shughuli, hasa harusi, wakipiga ngoma na kuchangamsha watu. Haikuwa pepo, nisije nikaeleweka vibaya. Walichekwa na walisimangwa. Lakini walijulikana, na walijulikana kwa kazi ya kuleta furaha. Na ni pwani hiyohiyo iliyompa Bi Kidude heshima yake, mwanamke aliyepiga ngoma ya unyago na kuwafundisha wari kwamba mwili una raha na raha hiyo ni haki yao, mpaka alipofariki Aprili 2013. Utamaduni uliokuwa na mwalimu wa raha leo unaambiwa raha ni ya Wazungu. Hata neno "shoga" lenyewe, mwanamke wa Tanga akimwita mwenzake shoga yangu, ni neno la barazani, la kusukana nywele na kunong'onezana. Limezaliwa kwenye starehe ya maana ile ya kwanza.

Nikubali jambo moja. Kuna furaha ya tangazo la biashara, bendera, glasi ndefu, watu wembamba wenye meno meupe, na ikiletwa hivyohivyo kwenye hadithi ya Kiswahili inanuka plastiki. Hata Rafiki haikuponea kabisa. Rangi ya waridi imezidi, na ule mpango wa baba zao kugombea kiti kimoja cha siasa umekaa kama umepimwa kwa rula. Kahiu ana falsafa yake ya sanaa ya Afrika iliyochangamka, isiyobeba ajenda, ameieleza hadharani tangu 2017, na kuna mahali filamu inajitahidi mno kuchangamka. Lakini kinachobaki ni bei rahisi kabisa: wasichana wawili kwenye kiboti cha kupiga pedali, wamejipaka rangi zinazong'aa gizani, wamejificha ndani ya gari bovu wanaongea upuuzi. Hakuna kisichowezekana Singida hapo, ukiondoa labda hicho kiboti.

Na wale wanaouliza kwa nini tuwape kurasa hawa wakati mkulima wa alizeti wa Iramba hana hata muda wa kupumzika: nani kawaambia hana? Ana siku ya mnada. Anavaa, anakwenda, anakula nyama, anarudi amechangamka na pengine bila hela ya mbolea. Fasihi yetu imempa siku hiyo tangu zamani, na hakuna mhakiki aliyewahi kusema mwandishi anaeneza minada. Mkulima anaruhusiwa kuwa masikini na kucheka kwenye ukurasa mmoja. Shoga naye, ambaye mara nyingi ni mkulima huyohuyo wa alizeti, mpeni ukurasa wa namna hiyo.

Kwa waandishi wanaotuma kazi huku na kule: msinitumie tena hadithi ambayo mhusika anapewa busu moja ukurasa wa tatu ili afe ukurasa wa tisa. Nimezisoma nyingi, na najua nyingine zimeandikwa kwa mapenzi. Kama lazima afe, na afe, watu wote hufa. Ila kwanza niambieni Jumamosi yake aliimalizaje, alicheka kitu gani, nani alilipa bili.

Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu ya Kenya aliisimamisha marufuku ya Rafiki kwa siku saba, ili filamu ipate sifa ya kushindania Oscar. Kamati ya Kenya baadaye ilipeleka Supa Modo, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaiunga mkono marufuku. Lakini kwa siku zile saba amri ilisema filamu ionyeshwe kwa watu wazima wanaotaka kuitazama, na watu wazima hao wakajitokeza. Walikwenda sinema ya Prestige, Barabara ya Ngong, wakapanga foleni mchana kweupe, tiketi zikawa zinakwisha. Wakaingia, wakakaa kwenye viti, taa zikazimwa, na kwa saa moja na nusu hakuna aliyelazimika kuutazama mlango.